Sababu ya Safari: Starehe

Umma wa Kenyamonta ulitangaziwa kwa kipaza sauti, siku tatu mfululizo, kwamba wilaya imeingia rasmi katika zama za kupumzika. Chumba cha Mapumziko cha Wasafiri wa Starehe kilikuwa kimekamilika pembeni ya kiwanja cha ndege, kikiwa na sofa sita, mapazia ya rangi ya dhahabu na birika la umeme lililokuwa likisubiri umeme. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha nyasi. Ndege ilitua hapo mara mbili kwa wiki, ikipata nafasi.

Mambo haya yote yalitokana na Bwana Hosea, Mratibu wa Mapumziko, mtu ambaye hakuwahi kupumzika tangu ateuliwe. Ndiye aliyeandika Mwongozo, kurasa arobaini, na kila ukurasa una saini yake. Kifungu cha kwanza kilisema hapandi ndege asiye na muhuri wa mapumziko. Cha pili, muhuri hupigwa ndani ya chumba tu. Cha tatu, haingii chumbani ila msafiri wa starehe; wa kikazi, wa matibabu na wa msiba watasubiri nje, kwa kuwa nyuso zao huharibu utulivu. Na cha saba, ambacho Hosea alikipenda kuliko vyote, kilisema msafiri wa starehe atakayeonekana akifanya kazi yoyote atapoteza hadhi yake hapo hapo.

“Hao wa nje watapandaje ndege?” aliuliza Simioni, mlinzi wa mlango.

“Utaratibu wao unaandaliwa.”

Asubuhi ya uzinduzi kulikuwa na upungufu mmoja tu. Msafiri wa starehe hakuwapo. Gari pekee la ofisi lilikuwa limekwenda Bomani kufuata keki, mgeni rasmi alikuwa njiani angani, na sofa zilikuwa tupu. Saa tatu akatokea Wegesa kwa miguu, viatu mkononi, kapu begani, kitambaa cheusi kichwani.

Mumewe, Nashoni, alikaa miaka ishirini na miwili juu ya jiwe jeupe pembeni ya kiwanja hiki. Ndege ikisikika alipiga mluzi, ng'ombe wakatoka, ndege ikatua. Hakupanda hata siku moja. Kila rubani alimwuliza kiwanja kinaonekanaje kutoka juu, na kila rubani alimjibu, “Safi, mzee.” Alipofariki, wenye ndege walimpa mjane tiketi ya kwenda na kurudi Mwanza iwe rambirambi. Siku ya mwisho ya kuitumia ilikuwa leo.

“Shikamoo, mama,” alisema Hosea, kwa kuwa Mwongozo haukukataza.

“Marahaba.”

“Sababu ya safari?”

“Nashoni alitaka kujua kiwanja kinaonekanaje kutoka juu. Nakwenda kuangalia.”

Hosea alipekua fomu. “Hiyo ni msiba.”

“Msiba tulimaliza mwezi wa nane.”

“Basi ni kikazi. Ukaguzi wa kiwanja.”

“Mimi nani, baba, nikague kiwanja?”

“Kwa hiyo ni starehe?”

Wegesa alifikiri kidogo. “Huko Mwanza hakuna atakayeniuliza maji wala kuni. Andika starehe.”

“Starehe ina uso wake, mama. Wako haujakaa sawa.”

“Ndio niliokuja nao.”

Akaandikwa starehe kwa masharti. Alivaa viatu, akaketi kwenye ncha ya sofa na kapu lake mapajani, kama mtu aliyefika kwa wakwe. Hosea alimwomba aegemee. Akaegemea. Wilaya ikawa imepata msafiri.

Ndege ilisikika saa nne kasoro. Katikati ya kiwanja kulikuwa na ng'ombe wapatao arobaini.

“Kiwanja, hapa Teddy,” redio ilisema. Teddy alikuwa rubani, na hakuwa mwanamke wa maneno mengi. “Naona ng'ombe. Mzee Nashoni yuko wapi?”

“Amefariki,” alijibu Hosea. “Nafasi yake imeunganishwa na Kitengo cha Mapumziko.”

“Poleni. Kitengo kinajua kupiga mluzi?”

Kitengo kilitoka mbio. Hosea alitangulia na tai yake, makarani wanne wakafuata, mmoja na mto wa sofa. Ng'ombe waliwatazama kama watu wanavyotazama mkutano wa hadhara usio na soda. Karani mmoja alijaribu mluzi, ukatoka upepo. Dume moja lilisogea hatua mbili, likamnusa Hosea, likalala.

“Nina dakika kumi,” redio ilisema. “Baada ya hapo naunganisha Mwanza bila kutua.”

Wegesa alisikia hayo kutoka kwenye sofa. Akatoa tiketi, akaitazama, akairudisha kapuni.

Hosea alirudi akitiririka jasho. Simioni akanyoosha mkono mlangoni.

“Mkuu, samahani. Umefanya kazi. Kifungu cha saba.”

“Simioni, unanijua mimi?”

“Nakujua, mkuu. Ndiyo maana nimekisoma chote.”

Ikabidi Hosea azungumze kupitia dirishani. “Mama, mwaka jana mzee alipokuwa anaumwa kifua, mbona ndege zilitua?”

“Nilikuwa nawatoa mimi.”

“Kwa mluzi? Huku kwetu mwanamke hapigi mluzi.”

“Ng'ombe hawakuuliza.”

“Basi piga sasa, mama yangu. Nakuomba.”

“Nikifanya kazi nakosa muhuri, baba. Nimesikia alivyokuambia huyu kijana wa mlangoni.”

Juu yao ndege ilizunguka tena, chini kuliko mara ya kwanza. Hosea alipekua Mwongozo kurasa zote arobaini, na hakukuwa na kifungu cha kumsaidia.

Wegesa akaingiza mkono kapuni, akatoa barua iliyofungwa kwenye nailoni. Mwaka ule wa kifua alikwenda ofisini kwa Hosea mara tano, akiomba jina la Nashoni liingizwe kwenye faili la wafanyakazi angali hai. Hili ndilo jibu alilopewa.

“Soma, baba. Mimi macho yangu si mazuri.”

Hosea akasoma kwa sauti. “Kupiga mluzi kwa ng'ombe si kazi inayotambulika. Mtajwa alikuwa akijifurahisha pembeni ya kiwanja.” Chini palikuwa na saini yake. Alikumbuka jinsi neno “akijifurahisha” lilivyompendeza siku ile.

“Kwa hiyo si kazi,” alisema Wegesa.

“Si kazi.”

“Ni starehe.”

“Ni starehe, mama.”

“Piga muhuri kwanza.”

Muhuri hupigwa ndani. Simioni alitafakari, akaruhusu mkono wa kushoto wa Hosea upite dirishani na muhuri, kwa kuwa huo haukuwa umemfukuza ng'ombe yeyote.

Wegesa alisimama mlangoni, akaweka vidole viwili mdomoni. Mrefu mmoja, mifupi miwili. Ulikuwa mluzi wa Nashoni mwenyewe. Ng'ombe waliinua vichwa wote pamoja, wakageuka kutazama jiwe jeupe. Hapakuwa na mtu. Wakakaa hivyo kidogo, kisha wakatoka taratibu, mmoja nyuma ya mwingine. Simioni alivua kofia.

Ndege ikatua. Mheshimiwa Nikolaus, Mkuu wa Mapumziko kutoka makao makuu, alishuka na hotuba mkononi, akaenda moja kwa moja mlangoni.

“Sababu ya safari, mheshimiwa?” aliuliza Simioni.

“Kuzindua chumba hiki. Nimekuja kikazi.”

“Utasubiri nje.”

“Mwambie starehe,” alinong'ona Hosea. Lakini waandishi wa habari watatu walioshuka naye walikuwa wameshika kamera, na Mheshimiwa hakuwa tayari kutangazwa kwamba amekuja kustarehe. Akasubiri nje. Wegesa alitokea mlango wa pili, ule wenye utepe. Utepe ulikuwa njiani, akauinua kwa mkono, akapita chini yake.

Ndege ilipopaa, redio ililia.

“Kiwanja, hapa Teddy. Mama anauliza, jeupe lile pembeni ndilo jiwe la Nashoni?”

“Ndilo,” alisema Hosea.

“Anasema linaonekana vizuri. Anauliza chumba kiko wapi.”

Bati la chumba lilikuwa la kijani, ili kipatane na mazingira.

Saa kumi Teddy alirudi kumchukua Mheshimiwa. Ng'ombe nao walikuwa wamerudi. Akazunguka mara tatu.

“Mama yuko Mwanza,” alisema kwenye redio. “Anarudi Jumatatu. Nami nitarudi Jumatatu.” Akaenda zake.

Keki ilikuwa bado Bomani, pamoja na gari. Jua lilikuwa kali, na nje palikuwa na mahali pamoja tu pa kukaa. Mheshimiwa akakaa.

“Hili jiwe la nani?”

“La Nashoni, mheshimiwa.”

“Ndiye nani?”

Hosea alitazama viatu vyake. “Hayumo kwenye faili.”

Mheshimiwa Nikolaus aliwatazama ng'ombe muda mrefu. Kisha akalegeza tai, akaweka vidole viwili mdomoni, akapuliza. Yalitoka mate. Ng'ombe mmoja aliinua kichwa, akamwona ni nani, akaendelea kula.

Simioni akafungua daftari, kwa kuwa Mwongozo ulimtaka amwandike kila anayesubiri nje. Jina: Nikolaus. Sababu ya safari: kikazi. Anachosubiri: mwenye mluzi.