Usiondoe Jicho

Ijumaa, 3 Mei

Balaa! Shangazi amepiga simu. Amepata nyumba yenye sebule kubwa, na tarehe mosi Juni anakuja kumchukua Mgeni.

Mgeni ni mmea. Shangazi alimwacha kwetu alipohama, akasema ni kwa wiki mbili tu. Huu ni mwaka wa pili. Ana majani mapana kama sinia, yametobokatoboka na kuchanika pembeni kana kwamba fundi cherehani alisinzia na mkasi mkononi. Jina amepewa na Mama. Mama humpangusa majani kwa kitambaa chenye maji, hupiga pasi karibu naye, na humsimulia mambo ambayo sisi hatusimulii. (Juzi, kupitia mlango, nimejua kwamba hampendi kabisa mkuu wake wa kazi. Mgeni alijua kitambo.)

Mama alimjibu Shangazi kwamba haina neno, wifi yangu, mmea ni wako. Kisha akapiga pasi shati lilelile la Baba mpaka likaanza kunuka.

Sikuvumilia. Nikajifungia bafuni kufikiri. Wazo likaja! Nitakata kipande cha Mgeni kwa siri na kukiotesha. Siku Shangazi anapoondoka na mzazi, Mama namkabidhi mtoto! Niliruka kwa furaha, nikagonga kichwa kwenye rafu ya sabuni.

Jumatatu, 6 Mei

Kitabu cha maktaba kuhusu mimea ya nyumbani kimechanwa kurasa za kuotesha. Washenzi. Ikabidi nimuulize binadamu.

Nilimvizia mwalimu wa baiolojia kwenye korido, amebeba madaftari mpaka kidevuni. Swali nililifanyia mazoezi tangu juzi. Sauti ilitoka kama ya mbu. Akaniomba nirudie. Nikarudia kama mbu wawili. Akaniambia nitafute kisu kikali, maji safi, mahali penye mwanga. Kengele ikalia. Alikuwa ameshafika ngazini alipogeuka na kupaza sauti, watu wote wakasikia: zaidi ya yote, nichunge sana nisiondoe jicho!

Nisiondoe jicho! Nimeandika kiganjani. Kumbe mwalimu yule ana moyo laini hivi. Bila shaka kipande cha mmea ni kama mtoto mchanga, ukigeuka tu limetokea la kutokea. Basi nitakiangalia. Hakuna kiumbe duniani kitakachoangaliwa kama hicho!

Jumanne, 7 Mei

Upasuaji umefanikiwa! Mama alikuwa kazini. Nilichemsha kisu cha jikoni, nikamwomba Mgeni radhi, nikakata upande wa ukutani usioonekana.

Jani limekuja na kipande cha shina, na kwenye shina kuna nundu ya kahawia yenye kimzizi kilichojikunja kama unywele wa kidevuni. Mbaya! Zawadi ya Mama haiwezi kuwa na nundu. Nikaikata, nikaitupa kwenye pipa la taka. Limebaki jani na kikonyo chake kirefu, safi, maridadi, ndani ya chupa ya juisi yenye maji, kwenye dirisha la stoo. Nikaketi. Nikaanza kuangalia.

Nimefumaniwa! Dada yangu pacha. Alinitangulia kuzaliwa kidogo tu, na tangu hapo anaishi kama mwenye nyumba. Akauliza kulikoni Profesa, mbona unalikodolea jani macho kama linasoma taarifa ya habari. Nikamweleza siri. Akasema siri ni nzito, lakini ataweza kuibeba iwapo mimi nitaosha vyombo zamu zake zote mpaka Juni. Nimekubali. Ningefanyaje?

Halafu akachungulia pipa, akaokota ile nundu, akasema takataka yako ina ndevu, na mwenye ndevu hazikwi hai. Akaipachika kwenye kopo la udongo na kuliweka kando ya chupa yangu. Nilicheka mpaka macho yakatoka kwenye jani! Nikayarudisha haraka.

Jumatano, 8 Mei

Kazi si ndogo. Asubuhi nimechovya mkate kwenye glasi ya maji ya Baba. Lakini nimevumbua mbinu: nafumba jicho la kulia, la kushoto linashika zamu, halafu yanapokezana. Mama akauliza kama macho yananiuma. Baba akasema ni hivyo vitabu.

Shuleni nimelibeba jani kwenye begi, kichwa chake kikichungulia kwenye zipu. Darasa zima linaniita Bwana Jani. Uso wangu moto kama pasi.

Lakini furaha! Mwalimu wa baiolojia alinipita dawatini, chupa ikiwa imebanwa katikati ya magoti yangu, akauliza bila kusimama kama nimeshakata. Nikasema ndiyo mwalimu, na jicho sijaondoa hata kidogo. Akapiga makofi! Akasema wengi hukosea hapohapo, wanaondoa jicho halafu wanabaki kushangaa mbona haioti. Wazembe wakubwa! Nilirudi nyumbani nikielea.

Jumapili, 12 Mei

Tatizo ni usingizi. Nikilala, nani anaangalia? Nimesinzia kanisani, nimesinzia mezani, nimesinzia nikiwa nimesimama mbele ya chupa, na paji la uso limeacha alama kwenye dirisha.

Ufumbuzi! Picha ya Babu!

Ni ile ya sebuleni, ambamo amevaa tai na amekunja uso. Babu hajapepesa tangu siku alipopigwa picha. Macho yake yalikuwa na makengeza kidogo, lakini kwa ukali aliokuwa nao hilo halikumzuia kuona chochote. Nimemsimamisha juu ya debe la rangi, akaielekea chupa. Nililala kama gogo.

Pacha anasema Babu anaangalia kopo lake, si chupa yangu. Wivu huo.

Mama akauliza Babu kaenda wapi. Nikasema nimemchukua kusafisha kioo. Si uongo. Nilimfuta kwa mkono wa shati.

Jumamosi, 25 Mei

Kuna jambo dogo. Kikonyo kimekuwa laini kama sabuni iliyosahauliwa majini. Maji yananuka. Ukingo wa jani umegeuka njano. Naamini ni njano ya kujiandaa. Nimeongeza kuangalia, hata wakati wa kuosha vyombo: nimevihamishia stoo pamoja na karai.

Mama, kwa upande wake, anasema Mgeni amepungua kwa huzuni, anajua anaondoka. Nikatazama sakafu. Usiku wa leo amemfungulia redio.

Halafu kelele! Pacha! Kwenye kopo lake, pembeni ya ile nundu, kimechomoza kitu kijani, chenye ncha kama pembe ya mbuzi mdogo. Kiko hai! Amecheza ngoma stoo nzima, akaniuliza kama jani langu nalo lingependa kusaidiwa kuosha vyombo.

Haiwezekani. Takataka! Ambayo hata hakuiangalia! Nikachukua rula, nikapima kutoka kwenye pua ya Babu. Jicho la kulia linaangalia mlango. Jicho la kushoto linakwenda moja kwa moja, bila kona, mpaka kwenye kopo la Pacha.

Makengeza! Nimeibiwa macho wiki mbili nzima! Nimemgeuza Babu papo hapo.

Jumamosi, 1 Juni

Siku yenyewe!

Shangazi ameingia na dereva na vicheko. Mama alikuwa amempangusa Mgeni jani baada ya jani, kisha akajificha jikoni, akasema anakata vitunguu. Hatuna vitunguu tangu Alhamisi. Baba na dereva walipomwinua Mgeni, pale sakafuni palibaki duara safi. Mama akatokea, akaliangalia duara lile, akaliangalia tena.

Ndio wakati wangu! Nikakimbia stoo, nikaja na chupa, nikasimama mbele ya watu wote, nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Kilichotoka ni jani. Lilikatika kwenye kikonyo, likaanguka zuliani, pwaa, pamoja na ile harufu.

Masikio yangu yalikuwa yanachemka. Nilitamani zulia linimeze, jani na mimi.

Pacha akatoka. Akarudi na kopo lake. Pembe ile imefunguka, imekuwa kijani kidogo kilichokunjwa kama barua. Akampakatisha Mama kopo, akasema hiki ni cha Profesa na mimi, yeye ndiye aliyekata, mtoto wa Mgeni huyu. Sikutegemea. Hata vyombo hakutaja.

Mama akakaa kwenye mkono wa kochi. Akatuvuta wote wawili kwa shingo kama anayetaka kutunyonga. Baadaye akapangusa kile kijani kwa ncha ya kidole na kukipa jina. Mwenyeji.

Nimefanikiwa! Kwa njia ya mzunguko, lakini nimefanikiwa!

Kasoro moja. Shangazi alikwenda stoo kutafuta kamba, akarudi akiuliza kwa nini baba yake mzazi yuko juu ya debe la rangi anaangalia ukuta. Pacha akasimulia kila kitu, pamoja na rula. Shangazi alicheka mpaka akashika mlango. Baba wee! Jicho ndilo hili, akasema, akaigusa ile nundu ya kopo. Hapa ndipo panapochipua! Jani bila jicho ni jani tu, utalikodolea mpaka uzeeke. Eti hicho ndicho mwalimu alichomaanisha.

Nundu! Nimeazima miwani ya Baba, nimeichunguza kwa makini. Haina mboni. Haina kope. Shangazi ni mtu mwema, lakini hajasoma kitabu chochote kuhusu mimea, na mimi nimekisoma chote, isipokuwa kurasa zilizochanwa.

Alinihurumia hata hivyo. Kabla ya kupanda gari alinikatia jani jingine la Mgeni, kubwa, la kupendeza, na kipande cha shina na nundu yake. Nikamshukuru kwa heshima zote. Gari lilipopinda kona tu, nikachukua kisu, nikaondoa nundu, nikaitupa. Jani liko kwenye maji safi, linang'aa!

Na safari hii hakuna makosa. Nimeleta picha ya Bibi. Macho yake yamenyooka kama rula.

Pacha anazungukazunguka karibu na pipa la taka. Sijui anatafuta nini.