Jivu Langu na Doa la Njia ya Tatu

Kwa Bi. Rosalind Pym,
Katibu, Klabu ya Kuviringisha Mipira, Little Hapsley

Bibi Katibu,

Natumaini goti lako limepona tangu fainali ya Agosti. Mimi daktari ameniambia kwa upole kwamba msimu wa Aprili sitauona, ndiyo maana naandika mapema. Niliomba jambo moja tu: nikishachomwa, jivu langu limwagwe kwenye njia ya tatu ya kuviringishia mipira, katika uwanja wetu wa nyasi. Kamati imekataa. Nalalamika hivi:

1. Sababu ni ukungu, ule ugonjwa wa nyasi. Mtunza uwanja, Hettie Brockway, alikuja na biskuti kunieleza kwamba jivu huondoa uchachu wa udongo, na ukungu wa nyasi hupenda udongo wa namna hiyo. "Mzee Aubrey," akasema akinimiminia chai, "ukiwa hai tunakupenda sana. Ukiwa jivu utatutia madoa." Nilikuwa mwenyekiti miaka kumi na minane. Sikumtia mtu doa.

2. Tangu Hettie aache dawa za viwandani, uwanja unalishwa mboji: maganda ya viazi ya kijiji kizima, majani ya chai na, kama macho hayakunidanganya, ile keki ya mume wako. Vyote viliingia bila kura. Mimi nilipigiwa kura, nikashindwa saba kwa mbili.

3. Kila asubuhi, kutoka dirishani, namwona Hettie akipangusa umande kwa fimbo ndefu ya mwanzi, maana majani yakikaa na unyevu ukungu haukawii. Hutoboa udongo kwa uma ili mizizi ipate hewa. Humwagilia asubuhi tu, hakati nyasi fupi mno, wala hazishibishi mbolea kupita kiasi baridi inapokaribia. Mimi katika nyumba hii ya wazee hufungiwa dirisha, hunyolewa hadi ngozi, na hushindiliwa pudingi kila siku saa kumi. Kama jivu haliwezekani, basi naomba niandikishwe kuwa nyasi, mara moja.

4. Hakuna ushahidi kwamba jivu la binadamu limewahi kuudhuru uwanja huu. Doa la kahawia la njia ya tatu, linalotokea kila Oktoba, lililetwa na viatu vichafu vya wachezaji wa Great Hapsley. Barua ya kuwashutumu niliitia sahihi mimi mwenyewe.

Nangoja jibu, ila si kwa muda mrefu. Wasalimie wale wawili walionipigia kura, na hao saba pia. Mume wako mwambie keki imefaa hatimaye.

Wako, ningali napumua,
Aubrey Tolliver

Nyongeza: Viatu vya Great Hapsley vilikuwa safi, waombeni radhi, ila baada ya mechi. Doa lile ni Enid, mke wangu. Miaka kumi na mmoja iliyopita, nyinyi mkiwa ndani mnakula sandwichi za matango, nilimmwaga pale alipozoea kusimama, kopo zima, mahali pamoja. Hettie amesema kweli kuhusu jivu, na kuhusu mengine yote: Oktoba hii doa limepona, nami kutoka dirishani simwoni Enid tena. Jana nilimwungamia Hettie. Akasema, "Jamani, mzee, si ungesema tu! Miaka yote hiyo nampulizia mama wa watu maji ya mwani nikidhani ni ukungu!" Chana malalamiko yangu. Nitieni kwenye mboji, kijiko kijiko, nigeuzwe vizuri pamoja na maganda ya viazi, kisha Hettie aninyunyize. Anajua ni wapi.