Gredi ya Sita Yafichwa Mtoni

Jumatatu, 16 Juni 2025
Ole wangu! Madam Wavinya, afisa wa elimu, anakuja Alhamisi kusikiliza Gredi ya Sita ikisoma. Na shule yangu imeshika mkia! Mwalimu mkuu mwenzangu wa upande wa Mwingi alishika mkia vivyo hivyo. Wazazi wakatia kufuli ofisini kwake, wakamsindikiza hadi barabarani kwa vigelegele. Chai imenishinda kumeza.

Jumanne, 17 Juni
Nimepata dawa! Wanaosoma vizuri watabaki darasani. Wanaobabaika nitawatuma mtoni wakachote maji ya jikoni. Kalekye, naibu wangu, anasema shida ni njaa, tuwapikie uji kwanza. Uji! Huyu anakitaka kiti changu.

Jumatano, 18 Juni
Mama Ndululu, mwenyekiti wa wazazi, amepita langoni na kufuli jipya mkononi. Nikajificha stoo. Kalekye akaniambia ni la zizi la mbuzi. Sijaamini.

Alhamisi, 19 Juni
Maafa! Gari la Madam limekwama kwenye mchanga wa mto. Nani kalisukuma? Wanafunzi wangu wa maji! Wamefika nalo shuleni wakiimba. Madam akamwuliza Ndululu, binti wa mwenyekiti wa wazazi, kwa nini hakuwa darasani.

Msichana hajui kudanganya. Akajibu, "Mwalimu mkuu alituambia tukae huko mpaka mgeni aende."

Madam hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Ameamuru watoto wapikiwe uji, kisha niwafundishe kusoma mimi mwenyewe. Atarudi kabla ya kufunga shule.

Ijumaa, 20 Juni
Mama Ndululu kaja asubuhi. Hakunisalimia.

"Mwalimu, mtoto wangu unamficha kama pombe haramu ya chang'aa?"

Nikatangulia darasani. Akaketi nyuma ya darasa kama askari, mimi nikifundisha huku jasho likinitiririka. Ndululu akamaliza uji, akashika kitabu, akasoma sentensi nzima kuhusu punda. Polepole, kidole kikifuata kila neno. Mama yake akajifunika uso kwa leso.

Jumapili, 22 Juni
Mahubiri yamenipita. Namwona Madam tu akirudi! Lakini kosa langu nimeliona: mto. Mtoni magari hukwama. Safari hii wanaobabaika watakwenda kilimani, hata pikipiki haifiki huko. Ndululu atawasimamia. Sasa anajua kusoma, atawasomea hadithi mpaka mgeni aondoke.