Mkono wa Kushoto wa Tidwell

Jumatatu, 12 Agosti

Kwa heshima na taadhima, natangaza: mashine ya kupashia soseji ya kiwanja chetu imepona. Ilikuwa imekufa tangu Julai. Leo nimeipiga teke pale pale nilipoipiga mwaka jana. Ikatetemeka, ikatoa moshi, ikaanza kuzunguka. Watu wawili walishuhudia. Mmoja alipiga makofi. Ndio ushindi pekee wa Kambare wa Harlan Falls tangu mwezi uanze, na kwa kuwa mimi Norbert Pruski ndiye meneja mkuu wa Kambare, naudai.

Habari nyingine ni ndogo: nitafukuzwa kazi.

Bi Ottilie Brandvold kaniita. Ndiye mwenye timu, mjane wa muuza matrekta. Hakunikaribisha hata kahawa. Kasema marehemu mumewe alimwachia vitu viwili visivyoingiza hela, yaani timu ya besiboli na mimi, na timu angalau ina jezi nzuri. Kisha akatoa masharti. Kambare wafuzu mchujo wa ubingwa, na fungu la mishahara lisivuke kikomo cha ligi hata kwa senti. Likishindikana moja, kiti changu anakalia Duane.

Duane! Shemeji yangu! Mkuu wa tiketi! Mtu anayekula sandwichi kwa kisu na uma!

Tuna mechi moja tu ya maana, ya Ijumaa, dhidi ya Mbweha wa Dunmore. Tukishinda, tumefuzu. Tukishindwa, ile ya Jumapili ni ya kumalizia ratiba tu na kuaga wapenzi wetu, wote thelathini.

Jumanne, 13 Agosti

Duane kabandika chati ukutani kwangu. Ukutani KWANGU. Ina pini za rangi. Inaonyesha jinsi ambavyo yeye angegawa fedha za warushaji: mikono saba ya wastani, kila mmoja na mshahara wa wastani, wakibadilishana kabla wapigaji hawajawazoea. Anaiita mpangilio. Mimi naiita supu ya hospitali.

Imani yangu inajulikana. Timu ya besiboli ni mrushaji. Wengine wote wamesimama nyasini wakisubiri mpira uje au jua litue. Kwa hiyo Machi nilichukua nusu ya fungu la warushaji nikampa mtu mmoja, Lamar Tidwell. Mkono wa kushoto. Miaka thelathini na saba. Magoti ya babu, masharubu ya sherifu. Aliwahi kufika ligi kuu, akakaa siku kumi na moja, na mpaka leo anatembea na begi walilompa.

Kwa nusu iliyobaki nilinunua kilichokuwepo. Daktari Pruitt, ambaye anang'oa meno na hawezi kufika kiwanjani kabla ya saa kumi na moja. Mwalimu wa jiografia. Ndugu wawili mapacha, mmoja hodari sana. Sijawahi kujua ni yupi.

Nilimwambia Duane watu hawakati tiketi kuja kutazama wastani. Akajibu kwamba hawakati kuja kututazama sisi pia, na yeye anajua, maana ndiye anayeziuza.

Nimehamisha pini zake zote zikaunda umbo la samaki.

Jumatano, 14 Agosti

Tumefungwa. Mwalimu wa jiografia alirusha mipira Kaskazini, Kusini na Mashariki.

Baya zaidi, Duane kaja na kikokotoo. Kauliza, kwa ile sauti yake ya kumwamsha mgonjwa, kama nakumbuka kipengele cha Tidwell.

Nakikumbuka! Ndicho kitu cha kijanja kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Machi Tidwell alitaka nyongeza. Sikuwa nayo. Basi nikaandika kwenye mkataba: siku atakayomaliza mechi nzima peke yake, kuanzia mpira wa kwanza mpaka wa mwisho, vipindi vyote tisa, apewe bonasi ya dola elfu tano. Nani anamaliza mechi siku hizi? Hakuna! Kocha wetu, mzee Eulogio Peralta, huwatoa warushaji kipindi cha sita kama mama anayeingiza watoto ndani mvua ikinyesha. Ilikuwa sawa na kumwahidi mtu mwezi wa angani pamoja na maegesho yake. Tidwell alitia sahihi. Nilicheka mpaka nikakosea gari, nikaingia la mtu mwingine.

Duane kasema bonasi hiyo ikilipwa, tumevuka kikomo. Tukivuka kikomo, ligi inafuta ushindi. Ushindi ukifutwa, hakuna mchujo. Kwa hiyo Tidwell akishinda Ijumaa kwa kumaliza mechi, tumeshindwa.

Nikamwambia atulie, Tidwell hataweza kumaliza. Atawazima Mbweha kwa vipindi saba, kisha atapumzishwa.

Akauliza: akipumzishwa, anaingia nani?

Nilitazama chati yenye umbo la samaki. Samaki alinitazama.

Alhamisi, 15 Agosti

Siku ya mikakati miwili.

Wa kwanza: nilimwendea kocha Eulogio, nikamwomba aahidi kumtoa Tidwell baada ya kipindi cha saba, liwalo na liwe. Eulogio alikuwa akitafuna mbegu za alizeti. Kazitema moja moja. "Bosi," kasema, "nimtoe nimwingize nani? Yule wa meno?" Nikamwambia Daktari Pruitt ana mkono wa utulivu. Kasema kweli, utulivu anao, hata mpira ukiwa unapaa juu ya uzio yeye hutulia tu. Mwisho kakubali: Tidwell akionekana kuchoka, atamtoa. Akiwa hajachoka, hata askari wakija hatamtoa.

Wa pili basi: achoke. Nikampeleka Tidwell kwa Marge, kwenye mkahawa wa barabara kuu, nikamwagizia sandwichi ya nyama ya nguruwe ya kukaanga, ile pana inayotoka nje ya mkate pande zote kama kofia. Akala. Nikaagiza ya pili. Akala. Nikaagiza pai ya cherry na maziwa mazito ya kopo. Marge aliniuliza kama namnenepesha kwa ajili ya maonyesho ya mifugo ya wilaya.

Tidwell alifuta masharubu, akasema hakuna meneja aliyewahi kumfanyia wema kama huu. Akasema mama yake anakuja kesho kwa basi kutoka Arkansas kumwona. Hajamwona akirusha tangu zile siku kumi na moja. Akaanza kuniambia jambo jingine juu ya mkataba, lakini nilikuwa namweleza Marge jinsi timu inavyojengwa, na pai ilikuwa imefika.

Ijumaa, 16 Agosti

Tumeshindwa. Upepo.

Jumamosi, 17 Agosti

Mji huu una watu wa ajabu. Marge kamimina kahawa kwa kila mtu kaunta nzima, akaniruka, akarudi kumwongeza jirani yangu ambaye kikombe chake kilikuwa kimejaa. Kinyozi kasema amefunga. Alikuwa amesimama na mkasi mkononi na kichwa cha mtu mbele yake.

Mchungaji Haugen alinivukia barabara. Nilidhani anakuja kunifariji. Kaniuliza kama ni kweli nilifungua mdomo. Nikamwambia ulikuwa upepo, ukitokea magharibi. Kasema ataniombea, lakini si wiki hii.

Dada yangu kapiga simu. Kasema hana la kusema. Kalisema kwa nusu saa.

Nasisitiza: upepo.

Jumapili, 18 Agosti

Haya. Hakuna atakayesoma hapa isipokuwa mimi, na mimi nilikuwepo. Upepo haukuwepo. Bendera ilining'inia kama taulo.

Ilikuwa hivi. Zile sandwichi mbili zilimpa Tidwell nguvu za ng'ombe. Kipindi cha kwanza Mbweha watatu walikuja na magongo, wakarudi na magongo. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu, cha nne, cha tano. Mpira ulikuwa ukifika kwa mpigaji, unafikiri kidogo, halafu unainama. Kufika mwisho wa kipindi cha saba hakuna Mbweha hata mmoja aliyekuwa ameupiga ukampeleka kituoni. Hata mmoja! Kambare moja, Mbweha sifuri. Jambo la namna hiyo halijatokea Harlan Falls tangu kiwanja kilipokuwa shamba la mahindi.

Sasa, kila mtoto wa hapa anajua. Mrushaji akiwa kwenye safari hiyo, haongeleshwi. Hukai karibu naye. Hutaji kinachoendelea, hata kwa jicho. Wenzake walikuwa wamejibana mwisho wa benchi kama abiria wa lifti, na Tidwell kakaa peke yake mwisho mwingine, taulo begani, akitazama viatu vyake. Jukwaani watu walikuwa wameacha hata kutafuna. Mama yake alikuwa nyuma ya uzio, kikongwe mwenye kofia ya njano, mikono ameiweka mapajani kama yuko kanisani. Naye alikuwa hamtazami. Hata yeye alijua.

Nami nilijua. Nimezaliwa hapa. Niliwahi kumnyima mke wangu jibu kwa vipindi vitatu kwa sababu ya kijana mmoja wa shule ya sekondari aliyekuwa kwenye safari hiyo hiyo.

Lakini kichwani mwangu kulikuwa na dola elfu tano, na Duane kwenye kiti changu akipaka siagi kwa kisu na uma.

Nilimwendea Eulogio. Nikamnong'oneza amtoe. Hakugeuka. Kasema kwa pembe ya mdomo: "Bosi, ukitaka atoke, nenda kamwambie mwenyewe." Alidhani amenifungia mlango. Hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angeenda.

Nikaenda.

Nikakaa karibu na Tidwell. Benchi zima likaacha kupumua. Nikampa mbegu za alizeti. Nikasema, na haya ndiyo maneno yangu halisi, Mungu anisamehe: "Lamar, ndugu yangu, mkono haujachoka? Maana mpaka sasa hawajakupiga hata moja."

Mtu mmoja aliangusha gongo. Mmoja wa mapacha alisema, polepole, "Ee Yesu." Huyo nadhani ndiye hodari.

Tidwell alinitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikipita mtoni. Kisha akasimama, akarudi kwenye kilima chake cha kurushia, na mpira wake wa kwanza wa kipindi cha nane ulipigwa ukaenda moja kwa moja uwanja wa kushoto. Uliofuata pia. Wa tatu akamwacha aende kituoni bure, bila kumrushia mpira wa maana. Vituo vyote vikajaa. Eulogio alimtoa akiwa amemshika begani, na kiwanja kizima kikasimama kumpigia makofi. Mama yake naye alisimama.

Basi nikapata nilichotaka. Bonasi ilikuwa imekufa. Kikomo kilikuwa salama. Tulichohitaji ni mtu wa kumalizia vipindi viwili, nami nilikuwa na nusu nzima ya fungu la warushaji imelala pale kwa kazi hiyo.

Akaingia Daktari Pruitt. Alitulia.

Mbweha nne, Kambare moja.

Baadaye nilimkuta Tidwell kwenye maegesho akipakia lile begi la ligi kuu. Mama yake alikuwa ameshaketi ndani ya gari. Nikamweleza habari ya kikomo na bonasi, nikasema ilikuwa hesabu tu, hakuna chuki. Akafunga buti taratibu.

"Norbert," kasema, "ile hela nilikwambia mwezi uliopita siitaki. Hapa hapa, kwenye gari hili. Nikakwambia kifute kile kipengele, mimi nataka mechi moja nzima tu kabla goti halijaniaga. Na jana kwa Marge nikaanza kukukumbusha."

Nikasema sikumbuki.

"Ulisema 'ndiyo, ndiyo,'" kasema. "Ukaendelea kunieleza jinsi timu inavyojengwa."

Akaingia garini. Mama yake alinipungia mkono. Sidhani alijua mimi ni nani.

Hilo ndilo lililotokea. Upepo, hapana.

Leo asubuhi Bi Brandvold kanipokonya ofisi mbele ya Duane. Shemeji alikuwa na adabu ya kutazama dirishani. Bibi kasema hataki kunitupa nje kabisa, kwa kuwa marehemu alinipenda, sababu anaijua marehemu. Nimepewa kibanda cha soseji. Mashine tunaelewana.

Nami sijakaa bure. Kibanda kinaendeshwa kama duka la kijiji: wauzaji watatu wa wastani, malipo ya wastani. Supu ya hospitali! Nimewaondoa wote. Nimemchukua mmoja tu, Bi Gunderson, ambaye hukata vitunguu kwa kasi inayotisha. Alitaka ujira mkubwa. Sina. Basi nimemwandikia kipengele: ujira mdogo, ila siku soseji zitakapokwisha zote kabla ya kipindi cha saba, achukue mauzo yote ya siku. Katia sahihi. Soseji za kiwanja hiki hazijawahi kwisha. Tuna za tangu Mei.

Nimecheka peke yangu mpaka Bi Gunderson akageuka.

Sasa hivi nje kumesimama mabasi mawili ya kanisa la Mchungaji Haugen, na la tatu linaingia. Wamekuja kuwaaga wachezaji, inasemekana, na ibada ilikuwa ndefu. Hawajala.