Kuku Wangu Katikati ya Kitambaa

Jumatatu, 12 Mei
Kina mama wanashona kitambaa kikubwa ukumbini mwa parokia. Kila nyumba iliyoungua kiangazi kilichopita inapata kiraka. Ijumaa kitatundikwa ukutani kwa halmashauri, siku madiwani watakapoamua kama kampuni ya karatasi ipande tena mikaratusi, miti inayoshika moto upesi, hadi milangoni petu. Jambo zito. Runinga inakuja kutoka Lisbon.

Nikawaza: kitambaa kina katikati, na katikati panataka mtu, hasa mwenye miwani na masharubu kama mimi. Nikamwendea Dona Leocádia, mkuu wa sindano zote. Akauliza mimi niliunguliwa na nini. Banda la kuku. Akauliza kama kuku walikuwamo. Ikabidi nikiri kwamba walikimbia kabla yangu.

Katikati kapewa jirani yangu Belmiro, kinyozi. Nyumba, mizinga ya nyuki, mizeituni ya babu yake, vyote majivu. Wengine wana bahati zao.

Jumanne, 13 Mei
Nimejitolea kushona. Nikadai nilijifunza jeshini. Alasiri nzima nikatarizi kuku mmoja, mnene, mwenye heshima zake. Nilipoinuka, kitambaa kikainuka nami. Nilikuwa nimekishona pamoja na suruali yangu.

Dona Leocádia akasema haya, nilitaka kuingia kwenye kitambaa, sasa nimeingia mzima mzima. Wakanitoa kwa mkasi, mimi na kuku wangu. Nimerudi nyumbani kinyumenyume.

Alhamisi, 15 Mei
Leo gundi. Saa ya chakula ukumbi huwa mtupu. Nikanyemelea na kuku wangu wa kutarizi kwapani.

Dona Leocádia alikuwamo, peke yake, akishona kipande cha shati la mistari. Shati lile nalijua. La kaka yake Hermínio, aliyerudi motoni kuwafungulia mbuzi. Mbuzi walitoka.

Hakuinua macho. Akasema, "Adérito, nishikie hapa."

Nikashika. Tukakaa hivyo mpaka akamaliza.

Alipokwenda kunywa maji nilimbandika kuku juu ya kiraka cha Belmiro. Kisha nikakikunja kitambaa upesi. Sijivunii. Ila alikaa vizuri sana.

Ijumaa, 16 Mei
Jua la kukaanga. Kitambaa kikakunjuliwa ukutani. Diwani mkuu akasimama chini yake kuwaeleza watu wa runinga kwamba moto ni mapenzi ya Mungu. Gundi ikayeyuka. Kuku akashuka taratibu, akatua kwenye upara wa diwani, akanata. Pale alipotoka ikabaki nyumba ya Belmiro, nyeusi tii.

Umati ukaangua kicheko. Dona Leocádia hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, kipaza sauti kikainasa: "Mungu hakupanda mikaratusi. Joto linazidi kila mwaka, wenye kampuni wanavuna, sisi tunaungua."

Kicheko kikakatika. Diwani akamvuta kuku kichwani kwa mikono miwili, asibanduke.

Jioni wamepiga kura: mikaratusi haipandwi tena karibu na nyumba. Watu wamelia. Belmiro kanikumbatia, akinisifu kwa kumpanga kuku yule kwa akili namna ile. Sikuona sababu ya kumsahihisha.

Jumapili, 18 Mei
Kijiji cha ng'ambo ya kilima wanaanza kufuma zulia la kutetea mto wao unaokauka. Wanawake kwa wanaume, kila ukoo na kipande chake. Nimekwenda kujitambulisha kama mshauri. Nimewaachia na mchoro wa samaki mkubwa, wa kukaa katikati. Wameutazama kwa muda mrefu. Wanasema wamekulia mtoni, lakini samaki mwenye miwani na masharubu hawajawahi kumwona.