Ombi la Kuandikishwa Mimi Pamoja na Bafu la Maji Moto la Mwashimo

Kitongoji cha Mwashimo,
nje kidogo ya Nkololo, Bariadi.
Jumatatu asubuhi.

Kwa Ndugu Mkuu,
Ofisi ya Majengo ya Kale ya Kanda.

YAH: KUBOMOLEWA KWA BAFU, NA MIMI KUWEMO NDANI YAKE

Ndugu Mkuu,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama hupo ofisini, basi imkute mzima huyo anayezipokea na kuzitia kabatini. Hii ni barua ya kumi na mbili. Zile kumi na moja hazikujibiwa, wala silaumu. Nimezisoma nakala zake tena na hata mimi nisingezijibu. Ya nne ina kurasa tisa na inaanzia uumbaji wa dunia.

Jina langu ni Januarius Ngeleja. Nilikuwa Bwana Afya wa tarafa hii kwa miaka ishirini na sita. Sasa nimestaafu, nina umri wa miaka sabini na tatu na magoti mawili yasiyosikilizana. Vilevile mimi ni mwenyekiti wa Kamati ya Kuokoa Bafu. Katibu alikuwa Magese, akahamia Lamadi kuuza dagaa. Wajumbe wengine hawajapatikana. Kwa hiyo ukisoma humu kwamba kamati ilikaa, fahamu kuwa nilikaa, mlangoni pa bafu na faili langu, kama nikaavyo kila siku huu mwaka wa saba.

Kwa faida yako ambaye hujafika kwetu: chini ya kilima cha Mwashimo kuna jiwe kubwa, na chini ya jiwe hilo hutoka maji ya moto mwaka mzima, hata mwaka ule mto ulipokauka na ng'ombe wakatuishia. Mwaka 1934 Mzungu mmoja msimamizi wa pamba, aliyesumbuliwa na baridi yabisi, alijengesha hapo nyumba ya mawe. Ina vyumba viwili, madirisha ya mviringo, na birika la kuogea ambalo watu sita hukaa bila kugusana magoti. Mawe yalibebwa kichwani na watu wa hapa, babu yangu akiwemo. Walipomaliza, Mzungu aliwashukuru akafunga mlango. Babu hakuwahi kunawa hata miguu mle ndani.

Mzungu alipoondoka, watu waliingia. Waliojifungua, wazee wa viungo, wachungaji waliochomwa miiba, wote walikwenda. Asubuhi wanawake, alasiri wanaume. Mimi nilipelekwa pale nikiwa na siku nane, na naambiwa nililia sana, kana kwamba nilijua yatakayokuja.

Sasa naleta malalamiko yangu kwa namba, kama nilivyozoeshwa kazini.

1. Paa halipo. Mabati yaliondoka moja moja, kwa adabu, bila kelele, na kila lilipoondoka moja, jiko la mtu fulani kitongojini lilipata kivuli. Ningewataja wahusika wote, ila bati moja liko juu ya banda langu la kuku. Liliangushwa na upepo nami nikalichukua kwa nia ya kulihifadhi. Kuku wanalihifadhi mpaka leo.

2. Chumba cha kwanza kimekaliwa na popo wa kwenye nyufa, cha pili na mbuzi wa jirani. Niliwaandikia mbuzi notisi ya kuhama na kuibandika mlangoni. Waliila.

3. Miaka sita iliyopita walikuja wataalamu wawili wenye kofia pana. Wakapiga picha, wakasema jengo hili ni urithi mkubwa, wakaniomba nisimame mlangoni ili ukubwa wa mlango uonekane. Nilijivuna wiki nzima. Mke wangu Philomena aliniuliza, "Walisema watarudi lini?" Nikasema hawakusema. "Basi walikutumia kama rula," akasema, akaendelea kupepeta mchele. Nalalamika kwamba hawakurudi, na pia kwamba mke wangu huwa hakosei.

4. Hapa ndipo penye uzito, naomba usikilize. Jengo hili halikuharibiwa na mvua wala mchwa. Liliharibiwa na mtumishi wa serikali, nami namjua, kwa kuwa kila asubuhi namnyoa ndevu.

Mwaka 1987 nilihudhuria semina ya siku tatu kuhusu kichocho. Tulionyeshwa picha za konokono anayeeneza ugonjwa, tukala wali na nyama, tukapewa kalamu. Nilirudi nikiwa na kalamu hiyo mfukoni na hamu kubwa ya kufunga kitu. Ziwa lilikuwa mbali na tena kubwa mno. Mto ulikuwa wa ng'ombe, na wenye ng'ombe wana fimbo. Likabaki bafu. Nikapaka ubao rangi nyeupe, nikaandika kwa mkono wangu: MARUFUKU KUOGA HAPA. NI HATARI. KWA AMRI YA BWANA AFYA. Miaka mingi baadaye ndipo daktari mmoja alinieleza, huku akijizuia kucheka, kwamba konokono yule haishi katika maji ya moto namna ile. Konokono akiingia mle anakuwa supu.

Watu walitii. Hilo ndilo linaloniuma. Katika kazi yangu yote niliandika matangazo mia moja na zaidi. Chimbeni vyoo, chemsheni maji, naweni mikono, na yote yalipuuzwa. Likatiiwa moja tu, lile la uongo. Watu walipoacha kwenda, nyumba ikakosa mwenyewe, na nyumba isiyo na mwenyewe unaijua inavyokwisha. Nalalamika, Ndugu Mkuu, kwamba ofisi yako ilikuwapo wakati huo na hamkunikamata.

5. Mama yangu mzazi, Kashindye, alikuwa na miguu inayovimba, na maji yale ndiyo yaliyokuwa dawa yake. Siku ya tatu baada ya tangazo alikuja na fimbo yake, akasimama mbele ya ubao. Hakujua kusoma. Mimi nilikuwa mlangoni, nimevaa kofia ya kazi.

"Imeandikwa nini, mwanangu?" akauliza.

"Imeandikwa kuoga ni marufuku, mayu."

"Kaandika nani?"

"Mimi."

Akaugusa ubao kwa fimbo. "Kumbe ni wewe. Basi kama umeandika, unaweza kufuta."

Nikamwambia amri haifutwi hivyo, kuna utaratibu. Hakubishana. Alisema "Haya, baba," kwa sauti ile ile aliyotumia nilipokuwa mdogo nikimwambia nimeshiba kumbe sijashiba, akageuka, akarudi kwake kilomita tatu. Aliishi miaka miwili zaidi na hakuuliza tena. Utaratibu nao sikuuanza. Malalamiko haya sijui niyaelekeze ofisi gani, ndiyo maana nimeyatia humu.

6. Mwezi uliopita alikuja mpima wa barabara mpya, mtu mzima mwenye miwani anayeitwa Danford, akachora X nyekundu kwenye ukuta wa mbele. Sikumuuliza kitu. Mtu mwenye akili haulizi maana ya X nyekundu. Nilirudi nyumbani, nikachukua kitanda cha kamba, godoro, blanketi, faili langu na picha ya harusi, nikahamia ndani ya bafu. Philomena alisimama akinitazama nikivuka uwanja. "Nilidhani nimeolewa na mtu," akasema, "kumbe nimeolewa na bafu." Ananiletea chakula mara mbili kwa siku, ila hakai.

7. Sasa nakuja kwenye ombi. Nasikia jengo la kale likishaandikishwa, hakuna wa kuligusa. Nasikia pia kwamba kuandikisha jengo huchukua miaka. Kamati ilikaa ikaona kuwa huenda tatizo ni ukubwa wa jengo. Kwa hiyo tunaomba muanze na kitu kidogo. Niandikisheni mimi.

Vigezo ninavyo. Mimi ni wa kale. Nina nyufa. Navuja nyakati za mvua na nyakati za kiangazi. Sehemu yangu ya juu imebaki wazi, kama paa. Nimetelekezwa na kamati yangu mwenyewe. Wataalamu wamenipiga picha. Na kwa kuwa nalala ndani ya bafu, mkiniandikisha kuwa kitu kisichohamishika, bafu nalo litakuwa limepona, maana hakuna atakayeweza kulibomoa bila kunigusa. Mkihitaji kunipigilia kibao, naomba kiwe begani upande wa kushoto, kwa sababu wa kulia naulalia.

Iwapo sheria haimruhusu mtu aliye hai, naomba mniambie mapema ili nijipange.

Naambatisha picha ya uharibifu, ambayo nitaipiga nikirudi kutoka Bariadi, ninakokwenda kununua bahasha kubwa.

Nisalimie watumishi wote wa ofisi, hasa huyo wa kabati, mwambie nafahamu kazi yake ni ngumu. Wasalimie walio nyumbani kwako. Philomena anakusalimu na anasema ukija kukagua uje na godoro, maana la kwetu nimeondoka nalo.

Ni mimi, niliyemo ndani ya jengo na ninayeweza kukaguliwa saa zote za kazi,

Januarius Ngeleja,
Mwenyekiti, na kwa sasa Kamati.

Nyongeza, Ijumaa alasiri.

Ndugu Mkuu, tafadhali soma hapa kabla ya kule juu. Kama umeshasoma kule juu, sahau.

Jumanne nilikwenda Bariadi kutafuta bahasha. Magoti yakagoma, nikalala siku tatu kwa binti yangu Rhoda. Leo nimerudi nikiwa na simu ya Rhoda ili nipige picha ya uharibifu. Nimefika, nimekosa uharibifu.

Nimewakuta wanawake zaidi ya thelathini. Mbuzi wamefukuzwa. Sakafu imesuguliwa mpaka rangi ya mawe ya babu imeonekana. Juu kuna miti mipya na nyasi za bondeni zimeezekwa nusu, nusu nyingine inafungwa. Aliyekuwa juu ya ngazi akitoa amri ni Evalina, mama anayeuza wali kwenye mnada wa Nkololo, mwenyekiti wa kikundi chao cha kuzikana. Na aliyekuwa chini akimrushia matita ya nyasi ni mke wangu.

Nikauliza habari za X. Evalina akanijibu bila kushuka. "Tulimuuliza aliyeichora."

Danford mwenyewe alikuwapo, amekaa ukingoni mwa birika, suruali ameikunja, miguu majini. Akanieleza kwa upole kwamba barabara inapita kule chini, hatua mia mbili kutoka hapa. Ile X ni alama yake ya kupimia. Vigingi ng'ombe huving'oa, kwa hiyo alitafuta kitu ambacho hakitatikisika kwa miaka mingi, akaona hakuna kingine Mwashimo nzima ila ukuta huu. "Mzee, nilidhani unajua," akasema. "Ulinitazama nikichora, ukaniitikia kwa kichwa."

Nikamgeukia Evalina. Nikamwambia, kwa uchungu kidogo, kwamba kama nia ya kutengeneza walikuwa nayo siku zote, wangejiunga na kamati. Mimi nimekaa mlangoni pale miaka saba na faili mkononi nikiwangoja.

Hapo ndipo aliposhuka ngazi. Alinifuata mpaka karibu, akaongea taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa habari.

"Bwana Afya," akasema, "sisi tulikuwa tunakungoja wewe. Ulipofunga, ulisimama mlangoni. Ubao ulipooza ukaanguka, tukasema sasa pamefunguliwa. Tukaja, tukakukuta umekaa mlangoni na faili. Tukajua bado pamefungwa. Kila mwaka tunatuma mtu achungulie, anarudi anasema bado yupo. Jumanne Mama Rhoda alikuja mbio sokoni, akasema, ameondoka, amekwenda Bariadi. Tukaacha wali jikoni."

Nilimtazama Philomena. Alikuwa anafunga tita la nyasi kwa bidii kubwa.

Ndugu Mkuu, nimeandika barua kumi na mbili kuomba mtu aje kuwaondoa wanaoliua bafu hili, na kilichotakiwa kuondoka kilikuwa kinaandika barua. Nilitoa faili kwapani, nikauliza pa kuliweka. Evalina akasema moto wa chai unazima. Nikampa.

Kwa hiyo naondoa ombi langu. Msije, msiniandikishe, wala msiandikishe jengo, angalau mpaka nyasi zimalizike kufungwa, kwa sababu likiwa la kale rasmi wataambiwa washuke. Ningeichana barua hii, ila bahasha nimeshainunua, na nadhani unastahili kujua kwa nini ya kumi na tatu haitakuja.

Nimeacha nafasi hapa chini kwa ajili ya sahihi ya katibu, lakini siwezi kumsubiri. Saa tisa imepita, wanawake wameshuka na kwenda zao mpaka kesho, zamu ya wanaume imeanza. Wazee wenzangu wanne wako majini na Danford amesogea kunipisha, wote wananiita, na mimi hata viatu bado sijavua.