Hangova ya Mwalimu Esdras

Jumatatu, 3 Juni

Sikwenda shule. Kichwa kinatwangwa kama majani ya sombe kinuni. Jana jirani yetu, Papa Nzabandora, alipokea ng'ombe za mahari ya binti yake. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa mapipa mawili. Ndizi za mwaka huu zimekolea mno. Si kosa langu.

Shida ni Mama Anastasie, directrice wetu, mkuu wa shule. Hapendi pombe hata katika methali. Amesema mwalimu atakayekosa kazi kwa ulevi asahau cheo cha adjoint, msaidizi wake, na adjoint anachaguliwa wiki hii. Ni mimi wa darasa la tano, ao Jérémie wa la sita. Jérémie!

Nikakumbuka neno la binamu yangu Trésor, anayeendesha lori mpaka Kampala. Kule, mtu akiamka vibaya baada ya kunywa, wanasema ana hangova. Hapa kwetu tunajua Kifaransa tu. Nikaandika barua: Mama Directrice, niko na hangova, imenishika asubuhi. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake.

Jibu likaja kabla ya saa sita. Pole sana, nilale mpaka Alhamisi.

Kiingereza ni lugha nzuri.

Jumanne, 4 Juni

Nimepona tangu alfajiri. Lakini mgonjwa ni lazima alale. Nimelala.

Jérémie alikuja kuniona na avoka nne. Alivuta kiti karibu na kitanda, akauliza kama ugonjwa huu unaambukiza. Nikafikiri. Akiogopa ataondoka, na avoka nitabaki nazo peke yangu. Nikamwambia unaambukiza, hasa siku ya Jumatatu.

Akasogeza kiti mlangoni. Kisha nje. Mara ya mwisho kuniambia pole, sauti ilitoka barabarani.

Avoka zilikuwa zimeiva vizuri.

Jumatano, 5 Juni

Jérémie ana mdomo mpana. Nusu ya wanafunzi hawakufika shuleni leo. Watu wa hapa wameona Ebola, wameona kipindupindu. Jina jipya la ugonjwa hawalichezei. Darasa la sita limebaki na madawati matupu, na mtihani wa serikali umekaribia.

Jioni mke wangu Godelieve alirudi kutoka soko la Kirotshe na gunia lake lote la maharagi. Hakuna mama aliyeligusa. Walimpisha njia, wengine wakaziba pua.

Yeye anajua ukweli. Jumapili ni yeye aliyenivua viatu. Akatua gunia mbele yangu, akasema: "Wewe njo uliileta mu hii nyumba. Wewe njo utaitosha nje."

Tumekula maharagi.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango mpya: kupona mbele ya watu. Nilivaa tai. Niliandaa habari ya babu yangu wa Itebero na jani chungu la porini ambalo hakuna ugonjwa unaolishinda. Habari nzuri sana. Sikuitumia.

Uwanja wa shule ulijaa wazazi. Katikati yupo Mama Anastasie, na kando yake Laetitia, muuguzi, mikono ndani ya glavu, daftari wazi. Wamemwita kwa ajili yangu. Laetitia alisomea Uganda. Hilo hakuna aliyeniambia!

Aliuliza ugonjwa ulianza lini. Jumatatu. Jumapili nilikuwa wapi? Kwa Papa Nzabandora. Nilipewa nini huko? Chakula, nikajibu. Papa Nzabandora akanisahihisha kutoka nyuma, kwa fahari: hata kasiksi, tena mwalimu aliwashinda mashemeji wote.

Laetitia akaniomba nirudie jina la ugonjwa. Nikalisema polepole. Akafunga daftari. Akavua glavu, moja, kisha nyingine.

"Mama Directrice," akasema, "hii magonjwa dawa yake iko maji na aibu. Maji mie nitamupatia."

Uwanja mzima ulicheka. Mama Anastasie hakucheka.

Ijumaa, 7 Juni

Adjoint ni Jérémie.

Adhabu yangu: kusimama soko la Kirotshe kando ya maharagi ya Godelieve na kumweleza kila mtu maana ya hangova, mpaka gunia liishe. Mama Anastasie alikuja mwenyewe kuhakikisha nimesimama.

Asubuhi nilitamani ziwa linimeze. Kisha watu wakaanza kuja kusikiliza. Hata wauza sambaza, dagaa wa ziwa letu, waliacha meza zao. Mtu akishacheka vya kutosha anaona vibaya kuondoka bila kununua. Saa saba gunia lilikuwa tupu.

Neno lenyewe halikuondoka. Mama Mukagasana wa pale sokoni anasema mbuzi wake amekula makapi ya kasiksi, iko na hangova. Motard mmoja alipiga teke pikipiki yake mara tano, ikakohoa tu. Hangova, akasema, akaketi kusubiri.

Njiani kurudi, Godelieve alinitazama kwa muda mrefu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi kwenye majani. "Bwana yangu," akasema, "shetani alikupatia akili ya kuku." Tangu Jumatano hakuwa amenisemesha. Nilibeba gunia tupu mpaka nyumbani, na sikuona aibu yoyote.

Wanafunzi wote wamerudi darasani.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa wazazi walimzunguka Mama Anastasie. Kwa kuwa Mwalimu Esdras anajua Kiingereza, wanaomba awafundishe watoto wakati wa likizo. Akanigeukia. Akaniuliza mbele ya wote kama kweli ninakijua.

Ninajua neno moja. Lakini Jérémie alikuwa amesimama pale, na kalamu ya adjoint mfukoni.

Nikajibu: tangu utoto.

Papa Nzabandora hakutaka kusubiri likizo. Aliuliza palepale Waingereza wanaitaje ng'ombe. Niliwahi kusikia kwamba jina hilo linaanza na ka. Nikamwambia: kangova.

Akaliandika kwenye kiganja, taratibu, akaninyooshea mkono nione kama ni sawa.

Nilimsahihisha herufi moja.